Nani Atalitetea Jengo la Runinga?

Paukwa!

Pakawa!

Haya, wajukuu zangu wa Nakwa, sogeeni. Leo siwasimulii habari za sungura wala fisi. Nawasimulia habari za majengo ambamo picha za runinga zilitengenezwa zamani, na watu wa kawaida waliosimama mbele ya wenye fedha wakasema: hapa habomoi mtu.

Kwa nini niwasimulie ninyi? Kwa sababu mji wetu unakua. Tangu mwaka 2002, Manyara ilipomegwa kutoka Arusha na Babati ikawa makao makuu ya mkoa, viwanja vimepanda bei, barabara zimepanuliwa na kuta kuukuu zimeanza kuwapisha watu wapya. Kukua si dhambi. Lakini anayebomoa bila kuuliza hujua bei ya kiwanja tu, hajui thamani ya kilichosimama juu yake.

Picha inavyosafiri

Kwanza tuelewane studio ni nini. Ninyi mmezaliwa mkakuta king'amuzi kando ya runinga, mnabonyeza, picha inakuja. Lakini kila picha ina mahali ilipoanzia. Kuna chumba kikubwa kisicho na madirisha, chenye taa kali na kuta zinazomeza mwangwi. Kamera hugeuza mwanga uliogonga uso wa mtangazaji kuwa umeme. Mafundi mitambo, wakiwa chumba cha pili, huchagua picha ya kamera ipi iende hewani. Kisha umeme ule hupelekwa kwenye mnara, na mnara huurusha kama mawimbi.

Mawimbi ya runinga hupenda kwenda moja kwa moja. Yakikutana na mlima, hukwama. Tazameni Mlima Kwaraha: ukiweka mnara chini nyuma yake, watu wa upande wa pili wataona chenga tupu. Ukiuweka kileleni, picha inashuka pande zote. Ndiyo maana waanzilishi wa runinga walitafuta vilima, na ndiyo maana hadithi yetu ya kwanza inaanzia juu ya kilima.

Kasri la kilimani

Kaskazini mwa jiji la London, Uingereza, kuna jumba kubwa liitwalo Alexandra Palace. Jina ni la kasri, lakini halikujengwa kwa ajili ya mfalme. Lilijengwa ili watu wa kawaida wapate pa kupumzika, kusikiliza muziki na kutazama maonyesho. Lilifunguliwa Mei 1873, likaungua siku 16 baadaye! Wenyewe hawakukata tamaa. Mei 1875 lilikuwa limesimama tena. Mwaka 1900 Bunge la Uingereza likapitisha sheria kwamba jumba na bustani zake ni kwa ajili ya burudani ya umma siku zote. Ishikeni sheria hiyo akilini, itatufaa baadaye.

Mwaka 1935 shirika la utangazaji la BBC lilikodi upande wa mashariki wa jumba hilo. Likajenga studio mbili na kusimika mnara juu yake. Tarehe 2 Novemba 1936 likaanzisha rasmi matangazo ya kawaida ya runinga yenye picha safi kuliko zote zilizokuwapo kabla.

Hapo kulikuwa na shindano, na watoto mnapenda mashindano. Mfumo mmoja ulikuwa wa John Logie Baird, yule Mskoti aliyeonyesha runinga yake hadharani London mwaka 1926. Mwingine ulikuwa wa kampuni ya Marconi-EMI. Kila mmoja ulipewa studio yake, na wakapokezana kwa zamu. Kamera ya Baird ilikuwa mzigo mzito: ilirekodi kwenye filamu, filamu ikazamishwa katika dawa zenye sumu, ikasafishwa na kusomwa na mtambo ingali mbichi, na hapo ndipo picha ilipokwenda hewani, karibu dakika nzima baada ya tukio. Haikuweza kusogezwa. Kamera za Marconi-EMI zilisogezwa, na picha yake ilikuwa na mistari 405 dhidi ya 240 ya Baird. Kabla ya miezi minne kwisha, mfumo wa Baird ulikuwa umewekwa kando.

Vita vilipokaribia, tarehe 1 Septemba 1939, matangazo yalizimwa, kwa hofu kwamba mawimbi ya mnara ule yangeongoza ndege za Wajerumani hadi London. Wakati wa vita mtambo uleule ukageuzwa silaha ya kuvuruga mawimbi yaliyowaongoza marubani wa adui. Juni 1946 picha zikarudi. Julai 1954 taarifa ya habari ya kila siku ya runinga ya BBC ikaanza kutoka humo, na msomaji alisikika bila kuonekana: watazamaji waliona picha na ramani tu. Baadaye masomo ya Chuo Kikuu Huria cha Uingereza yakarekodiwa humo, hadi mwaka 1981 BBC ilipoondoka.

Sasa sikilizeni jambo ambalo ndilo kiini cha hadithi hii. Vipindi vilivyorushwa kutoka kilimani kabla ya vita vilikwenda hewani moja kwa moja, na kwa sehemu kubwa sana havikuhifadhiwa, kwa kuwa hapakuwa na mkanda wa video. Mwimbaji akiimba, wimbo ukipita, basi. Kwa hiyo ukitaka kushika kwa mkono kitu kilichobaki cha siku zile, wimbo hutaupata. Utapata chumba. Utapata kuta zilizomsikia mwimbaji. Ukibomoa kuta hizo umefuta shahidi wa mwisho.

Kesi iliyovunja mkataba

Julai 1980 moto uliliunguza tena jumba lile, karibu nusu yake. Studio zikanusurika. Kulijenga upya kuligharimu fedha nyingi mno, na halmashauri ya eneo hilo, iliyokuwa msimamizi, ikazama katika madeni. Mwenye deni hushawishika haraka. Katikati ya miaka ya 2000 ikakubali kulikodisha jumba lote kwa kampuni ya uendelezaji kwa miaka 125. Katika mipango ile mipya, studio za kihistoria hazikuwa na nafasi ya maana.

Wakazi wa jirani, mafundi wastaafu wa runinga na wapenzi wa historia wakaanza kampeni. Hawakuwa na fedha za kushindana na kampuni. Walikuwa na vitu vitatu. Walijua hadithi ya jengo, kwa tarehe na kwa majina. Walijua sheria, ile ya mwaka 1900 inayosema mahali pale ni pa umma. Na walikuwa na swali moja ambalo hawakuacha kuliuliza: mkataba huu mnaotaka kuusaini unasema nini? Mbona hamtuonyeshi?

Swali hilo ndilo lililoshinda. Kesi ilifika Mahakama Kuu, na Oktoba 2007 kibali cha kukodisha kikafutwa, kwa kuwa umma uliombwa maoni juu ya mkataba ambao haukuonyeshwa kikamilifu. Mpango ule ukafa. Mwaka 2015 mfuko wa urithi unaotokana na bahati nasibu ya taifa ukatoa pauni milioni 18.8 kwa ajili ya kukarabati upande wa mashariki. Desemba 2018 ukumbi wa maigizo uliokuwa umefungwa kwa takriban miaka 80 ulifunguliwa tena. Studio zilibaki nyuma kwa uhaba wa fedha, lakini zimesimama. Kilichosimama kinaweza kukarabatiwa kesho, ila kifusi hakikarabatiki.

Msidhani kila kampeni huishia vizuri. Katika jiji hilohilo kulikuwa na studio za Teddington, kando ya Mto Thames, zilizotengeneza vipindi kwa miongo mingi. Zilifungwa mwaka 2014, zikabomolewa, na leo pale kuna nyumba za kuishi. Na kulikuwa na kituo kikubwa cha BBC cha Television Centre, kilichofunguliwa mwaka 1960. Mwaka 2009 sehemu zake muhimu ziliingizwa kwenye orodha ya majengo ya kulindwa. Mwaka 2012 kikauzwa kwa pauni milioni 200. Kwa kuwa kililindwa mapema, mnunuzi hakuweza kukifagia chote: alijenga makazi na ofisi, lakini umbo lake la duara lilibaki, na studio tatu zikarudi kazini mwaka 2017.

Pimeni wenyewe. Jengo moja limeokolewa, jingine limegawanywa, jingine limetoweka. Lile la Television Centre liliorodheshwa kabla ya mnunuzi kufika, na hilo ndilo lililoliokoa.

Mama wa Nairobi

Mtaniambia, babu, hizo ni habari za Ulaya, watu wa huko wana fedha na mahakama. Basi twende Nairobi.

Mwaka 1989 ulitangazwa mpango wa kujenga mnara wa ghorofa 60 ndani ya Bustani ya Uhuru, katikati ya jiji. Ulikuwa mradi wa kampuni ya habari ya Kenya Times, gazeti la chama tawala cha KANU, ikishirikiana na tajiri wa magazeti wa Uingereza, Robert Maxwell. Humo zingekaa ofisi za gazeti na za chama, kumbi, maduka na maegesho, na mbele yake sanamu kubwa ya Rais. Gharama ilitajwa kuwa takriban dola milioni 200, nyingi zikiwa za mkopo. Mnaona kinyume chake? London walitetea jengo la utangazaji lisimezwe na wawekezaji. Nairobi walitetea bustani isimezwe na jengo la wenye vyombo vya habari. Swali lilikuwa moja: mali ya umma ni ya nani?

Mwanamke mmoja, Wangari Maathai, kiongozi wa Green Belt Movement, chama cha kina mama wapanda miti, alichukua kalamu. Aliandika barua kwa kampuni yenyewe, kwa ofisi ya Rais, kwa mashirika ya Umoja wa Mataifa na kwa balozi wa Uingereza nchini Kenya. Akauliza kama London wangekubali mnara kama ule katikati ya Hyde Park, au New York katikati ya Central Park.

Majibu yalikuwa makali. Wabunge walimkejeli. Alikwenda mahakamani kuomba zuio, kesi ikatupwa Desemba mwaka huohuo. Chama chake kikafukuzwa katika ofisi kilizokuwa kikitumia, kikahamia nyumbani kwake. Lakini barua zilikuwa zimesomwa. Magazeti yaliandika, wananchi walizungumza, na wakopeshaji wa nje wakaanza kusita kutoa fedha. Mnara ukapunguzwa ghorofa, kisha ukaachwa. Mwaka 1992 uzio uliozungushiwa bustani uliondolewa. Mwaka 2004 mama huyo akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani, Mwafrika wa kwanza mwanamke kuipata.

Hapa pana somo ambalo London haikutupa. London mahakama ilisaidia, Nairobi ilikataa. Mahakama ni mlango mmoja tu. Ukifungwa, bado kuna barua, gazeti, mkutano wa hadhara, na mwenye fedha ambaye hapendi kuonekana akiwadhulumu watu mchana kweupe.

Na sisi je?

Sasa turudi nyumbani. Mnajua runinga ya kwanza katika nchi yetu ilikuwa wapi? Si Dar es Salaam. Ilikuwa Zanzibar. Ilikuwa nia ya Rais Abeid Amani Karume, lakini aliuawa tarehe 7 Aprili 1972 kabla hajaiona. Mrithi wake, Aboud Jumbe, ndiye aliyeikamilisha mwanzoni mwa miaka ya 1970. Televisheni Zanzibar, TVZ, ilirusha picha za rangi tangu mwanzo, na inatajwa kuwa ya kwanza ya rangi kusini mwa Sahara. Kumbukeni kwamba Uingereza yenyewe ilianza rangi mwaka 1967 tu.

Huku Bara Mwalimu Nyerere aliona runinga ni anasa ambayo nchi maskini inaweza kuisubiri, redio ikatosha. Kwa hiyo kwa miaka kama 20 watu wa Dar es Salaam na pwani waliotaka kuona picha walinyanyua antena ndefu kuelekea Unguja. Runinga za Bara zilianza mwaka 1994, ITV ikiwa miongoni mwa za mwanzo. Ya taifa ilifuata mwishoni mwa muongo huo. Mwaka 2013 TVZ na redio ya serikali ya Zanzibar ziliunganishwa kuwa Shirika la Utangazaji Zanzibar, ZBC.

Studio za TVZ zilikuwa katika jengo la Karume House, mjini Unguja. Redio ilikuwa Rahaleo, mahali ambapo sauti ya Mapinduzi ilisikika Januari 1964. Hivyo ni vyumba vya historia yetu. Ndani yake walifanya kazi watangazaji, wapiga picha, mafundi wa taa na waimbaji wa taarab ambao leo ni wazee, au wametutoka. Nani ameandika majina yao? Kamera ya kwanza iliwekwa wapi? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Urithi nao ni mali.

Wala tingatinga si adui pekee. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka huko Mji Mkongwe, na watu wawili wakafa. Jumba hilo lilikuwa ndani ya eneo la Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, wala hakuna mwekezaji aliyekuja kulibomoa. Lilichakaa muda mrefu macho ya watu yakilitazama. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta mwingine haujengeki tena ukawa uleule.

Sheria tunazo. Bara kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Majengo na kumbukumbu za kale sana hulindwa nayo moja kwa moja, na ya baadaye yanaweza kulindwa waziri akiyatangaza rasmi. Oneni pengo lilipo: studio ya runinga haiwezi kuwa ya kale kiasi hicho! Jengo la karne ya 20 linalindwa pale tu mtu anapolisemea. Zanzibar kuna mamlaka maalumu ya Mji Mkongwe. Na huku kwetu, anayesafiri kutoka Babati kwenda Kondoa hupita Kolo, penye michoro ya kale ya miambani iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Ile nayo haikujilinda yenyewe. Kuna watu walioipima, wakaichora, wakaiandika na kuiombea.

Kazi yenu

Basi nisikilizeni kwa makini, maana hadithi isiyoacha kazi ni kelele.

Kwanza, mjue mnachokitetea. Si kila nyumba kuukuu inastahili kulindwa. Jengo bovu lisilo na hadithi, linalohatarisha watoto, liondoke. Jiulizeni nini kilitokea humo ambacho hakikutokea kwingine, na nani atapungukiwa likiondoka.

Pili, muandike mapema. Jina la jengo, mwaka, aliyelijenga, waliofanya kazi humo. Pigeni picha kila upande, ndani na nje. Siku tangazo la kubomoa litakapobandikwa mlangoni, hamtakuwa na muda wa kutafuta wazee.

Tatu, mseme mnataka nini, msiseme hapana peke yake. Alexandra Palace ilipata fedha kwa sababu kulikuwa na mpango wa ukumbi unaotumika. Mwenye kiwanja au halmashauri atawauliza: nisipobomoa, nitafanyia nini? Muwe na jibu. Maktaba? Makumbusho? Ukumbi wa vijana? Jengo linalotumika hutetewa na wanaolitumia.

Nne, ombeni kuona karatasi. Mkataba, ramani, kibali. Mkiuliza kwa adabu na kwa maandishi mnatumia haki yenu, wala hamjamkosea mtu heshima.

Hapa Nakwa hatuna studio ya runinga. Lakini tuna shule, zahanati, nyumba za ibada na miti ya mikutano, na wazee wanaojua nani alifyatua tofali za kwanza. Jumamosi hii kila mmoja amtembelee bibi au babu mmoja, aamkie shikamoo, achague jengo moja na aulize lilijengwa lini, na nani, na nini kiliwahi kutokea humo. Andikeni jina la aliyewasimulia na tarehe. Daftari hilo mpelekeeni mwalimu wenu wa historia alitunze shuleni, ili siku mwekezaji akija na ramani yake, nanyi muwe na yenu.